Marcia Noyes, mkutubi wa madaktari aliyekuwa mwanafunzi kwa miaka 50

MWAKA 1896 chama cha madaktari wa jimbo la Maryland, Marekani, kilikuwa kinatafuta mtu wa kutunza maktaba yake mjini Baltimore. Kazi yenyewe haikuwa ya kugombaniwa. Maktaba ilikuwa ya zamani lakini imezorota, na mtunzaji alitakiwa aishi humo humo ndani ya jengo, ili daktari akihitaji kitabu usiku apate wa kumfungulia. Aliyepewa kazi hiyo ni mwanamke kijana ambaye hakuwa amesoma udaktari hata siku moja.

Jina lake ni Marcia Crocker Noyes. Alikaa kwenye kazi hiyo miaka 50. Alipofariki mwaka 1946, alikuwa ameigeuza maktaba ya watu wachache kuwa kituo kinachotegemewa na waganga wa jimbo zima. Zaidi ya hapo, alikuwa amesaidia kuzaa fani ambayo wakati anaanza haikuwa na jina, shule wala cheti. Leo wakutubi wa tiba wa Marekani na Canada humpa mwenzao aliyefanya makubwa tuzo inayoitwa kwa jina lake, na ndiyo tuzo ya juu kabisa katika kazi yao.

Kutoka New York hadi Baltimore

Noyes alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa Saratoga Springs, jimbo la New York. Alisoma katika chuo cha wanawake cha Jiji la New York, ambacho baadaye kiliitwa Hunter College. Kisha akahamia Baltimore alikokuwa na ndugu, akapata kazi katika Enoch Pratt Free Library, maktaba ya umma iliyofunguliwa mwaka 1886 ambako mtu yeyote aliweza kuazima kitabu bila kulipa.

Huko ndiko alikojifunza misingi ya ukutubi: kupokea kitabu, kukiandika kwenye orodha, kukipa namba, kukiweka kwenye rafu yake na kukifuatilia kinapoazimwa. Ni kazi inayofanana na kutunza ghala. Mwenye ghala asiyejua mzigo gani umeingia, umewekwa wapi na nani kaondoka nao, atafilisika hata kama bidhaa ni nzuri.

Wakati huo Baltimore ulikuwa mji unaotazamwa na madaktari wa nchi nzima. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889 na chuo chake cha udaktari mwaka 1893. Daktari mkuu wa hospitali hiyo alikuwa William Osler, mzaliwa wa Canada, ambaye kitabu chake cha tiba kilichotoka mwaka 1892 kilikuwa kikisomwa na wanafunzi wa udaktari wa nchi nyingi. Osler alipenda vitabu kupita kiasi. Kwake daktari asiyesoma alikuwa hatari kwa mgonjwa, na hospitali bila maktaba ilikuwa na upungufu mkubwa.

Chama cha madaktari wa Maryland, ambacho jina lake rasmi ni Medical and Chirurgical Faculty na watu hukiita MedChi, kilianzishwa mwaka 1799. Maktaba yake ilianza mwaka 1830. Osler aliona kwamba maktaba hiyo ina vitabu lakini haina mtu. Akamuomba mkuu wa Enoch Pratt amtafutie mtu anayefaa. Jina alilopewa ni la Noyes.

Hakuna shule ya kazi hiyo

Ugumu ulianza siku ya kwanza. Noyes alijua vitabu, ila lugha ya vitabu hivi hakuijua. Majina ya magonjwa yalikuwa ya Kilatini na Kigiriki. Majarida mengi muhimu yalichapishwa kwa Kijerumani na Kifaransa. Ugonjwa mmoja uliweza kuwa na majina matatu, na majina mawili yanayofanana yaliweza kuwa ya magonjwa tofauti kabisa. Mkutubi asiyeyajua hayo angeweza kumpa daktari kitabu kisicho chake, na daktari akarudi kwa mgonjwa mikono mitupu.

Pa kwenda kusoma hapakuwepo. Shule ya kwanza ya wakutubi nchini Marekani ilikuwa imefunguliwa mwaka 1887 na Melvil Dewey, lakini ilifundisha kazi ya maktaba za kawaida. Hakukuwa na chuo kinachofundisha ukutubi wa tiba, kitabu cha mafunzo wala mtihani. Noyes alibaki na njia moja tu: kujifunza akiwa kazini, kwa kusoma alichokuwa anakipanga na kwa kuwauliza madaktari waliokuja kusoma. Osler mwenyewe alikuwa karibu, akimuelekeza na kumtia moyo.

Kuishi ndani ya maktaba kulikuwa na gharama yake. Nyumba yake na ofisi yake vilikuwa kitu kimoja, na hakuolewa maisha yake yote. Wakati huo huo, kulimfanya awe karibu na kila swali lililoingia mlangoni, la mchana na la usiku, na maswali hayo ndiyo yaliyokuwa darasa lake.

Darasa hilo halikuwa na siku ya kufunga. Noyes alipoanza kazi, mionzi ya eksirei ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu igunduliwe na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1897, Ronald Ross akiwa India alionyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Mwaka 1922 mgonjwa wa kisukari alidungwa insulini kwa mara ya kwanza, huko Toronto. Miaka ya 1930 zikaja dawa za salfa, na miaka ya 1940 penisilini ikaanza kutumika kwa wingi. Kila ugunduzi ulileta maneno mapya, majarida mapya na maswali mapya. Mkutubi aliyejifunza mwaka 1896 akaishia hapo, mwaka 1922 asingejua kitabu cha insulini akiweke wapi.

Mpangilio wa vitabu

Jambo la kwanza kubwa alilolifanya lilikuwa kutafuta namna ya kupanga vitabu. Mipangilio iliyotumika katika maktaba za umma iliipa tiba nafasi ndogo, kwa sababu vitabu vya tiba humo vilikuwa vichache. Maktaba ya madaktari ilikuwa na tiba tupu. Kutumia mpangilio ule kungekuwa sawa na duka la nguo linaloweka mashati, suruali, kanga na vitenge kwenye rafu moja kwa kuwa vyote ni nguo.

Noyes alichukua msaada kutoka Index Medicus. Hii ilikuwa orodha iliyoanzishwa mwaka 1879 na daktari wa jeshi John Shaw Billings pamoja na Robert Fletcher huko Washington. Kila mwezi ilitaja vitabu na makala mpya za tiba kutoka nchi nyingi, zikiwa zimegawanywa kwa mada. Noyes alizitumia mada za orodha hiyo kutengeneza mpangilio wa rafu za Baltimore. Faida yake ilikuwa wazi: daktari aliyeona jambo kwenye orodha aliweza kulifuata moja kwa moja hadi kwenye rafu, kwa jina lile lile.

Mpangilio huo haukubaki kwake peke yake. Maktaba nyingine za tiba zilikuwa na shida ile ile, na kilichokuwa kichwani mwa mwanamke mmoja kikawa kimeandikwa karatasini. Hilo lina uzito. Fundi asiyeandika anachokijua huondoka nacho siku anapoondoka, na anayemfuata huanza upya.

Soko la majarida

Mei 2, 1898, watu wanane walikutana Philadelphia kwa mwaliko wa Dk George Gould, mhariri wa jarida la tiba la mji huo. Wanne walikuwa madaktari na wanne wakutubi. Noyes alikuwa miongoni mwa waanzilishi hao. Kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwepo Margaret Charlton, mkutubi wa tiba katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Canada, ambaye alikuwa ameisukuma sana hoja ya wakutubi kuungana. Hivyo chama kilichozaliwa siku ile kilikuwa cha nchi mbili tangu mwanzo. Kilianza kwa jina la chama cha wakutubi wa tiba, na mwaka 1907 kikawa Chama cha Maktaba za Tiba, kinachojulikana hadi leo kama MLA.

Masharti ya kujiunga yalikuwa mepesi: maktaba iwe na vitabu visivyopungua 500, iwe na saa maalumu za kufunguliwa na iwe na mtu wa kuihudumia. Lengo la kwanza halikuwa mikutano wala hotuba. Lilikuwa kubadilishana mali.

Kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua hali hii. Upande mmoja wa mpaka mahindi yamejaa hadi yanaoza, upande wa pili watu wanayatafuta. Maktaba za tiba zilikuwa hivyo. Daktari mzee akifariki, familia yake ilitoa vitabu vyake kwa maktaba, na mara nyingi vilikuwa vile vile ambavyo maktaba ilikuwa navyo tayari. Maktaba moja ikawa na nakala tatu za jarida la mwaka fulani na haina hata moja la mwaka unaofuata. Maktaba nyingine, maili mia kadhaa kutoka hapo, ilikuwa na upungufu wa upande wa pili. Na jarida lililokosa toleo moja halikuweza kujalidiwa vizuri. Pengo moja liliharibu mwaka mzima.

Chama kikaanzisha mpango wa kubadilishana. Kila maktaba ilituma orodha ya ziada yake na orodha ya upungufu wake. Msimamizi alilinganisha orodha hizo, kisha akaelekeza mzigo uende wapi. Hakukuwa na bei ya kitabu. Aliyepokea alibeba gharama ya usafirishaji tu. Kwa njia hiyo maktaba changa, isiyo na fedha za kununua majarida ya miaka ya nyuma, iliweza kujaza rafu zake kwa ziada ya wenzake.

Kwa miaka mingi msimamizi wa mpango huo alikuwa Noyes, akiuendesha kutoka Baltimore pamoja na kazi zake za kila siku. Ilikuwa kazi ya barua, orodha na masanduku. Ilimpa pia elimu ambayo asingeipata akikaa na rafu zake peke yake, kwa sababu alijua maktaba gani ina nini, nani anahitaji nini na jarida gani ni adimu. Mkutubi mpya wa mji wa mbali aliyemwandikia kutafuta toleo lililopotea alipata pia mtu wa kumuuliza namna ya kufanya kazi.

Mtandao huo ulihitajika zaidi Index Medicus iliposimama kuchapishwa mwaka 1899 kwa kukosa fedha. Kwa miaka kadhaa wakutubi walibaki bila dira yao. Ilirudi mwaka 1903 kwa msaada wa taasisi iliyoanzishwa na tajiri Andrew Carnegie. Katika kipindi hicho kila aliyefanya kazi hii aliona hatari ya kutegemea chombo kimoja, na umuhimu wa kujuana na wenzake.

Jengo jipya

Vitabu viliongezeka hadi jengo likawa dogo. Mwaka 1909 MedChi ilihamia jengo jipya lililojengwa kwa kazi hiyo, katika mtaa wa Cathedral. Noyes hakuletewa jengo likiwa tayari. Alishiriki tangu wakati wa michoro, akitembelea maktaba nyingine za tiba ili kuona zilivyojengwa na zilikokosea. Rafu zilipangwa kwa ghorofa kadhaa, na juu kabisa akatengewa makazi yake. Osler, ambaye alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 1905, alivuka bahari kuja kwenye ufunguzi. Ukumbi mkubwa wa jengo ukapewa jina lake.

Osler alifariki mwaka 1919. Noyes aliendelea kwa miaka 27 zaidi bila mlezi wake. Kadiri miaka ilivyopita, mambo yaligeuka: yule aliyefika akiwa hajui jina la ugonjwa akawa ndiye madaktari wapya wanayemwendea kuuliza. Kazi zake nazo zikazidi maktaba, kwani alikuwa pia mtu wa kuaminika katika shughuli za ofisi na mikutano ya chama cha madaktari chenyewe.

Mwanamke kwenye kiti cha rais

Ingawa wakutubi walikuwa nusu ya waliokutana mwaka 1898, kiti cha rais wa MLA kilizoeleka kukaliwa na madaktari wanaume. Osler mwenyewe alikikalia kuanzia mwaka 1901 hadi 1904. Wakutubi, wengi wao wanawake, walifanya kazi; madaktari waliongoza. Miaka 35 ilipita tangu kuanzishwa kwa chama kabla Noyes hajachaguliwa kuwa rais, kwa kipindi cha 1933 hadi 1934. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Uchaguzi huo ulikuja na swali lililokuwa likiwasumbua wakutubi. Kizazi cha Noyes kilijifunza kwa kukaa miaka mingi kazini. Lakini hospitali na vyuo vya udaktari vilikuwa vinaongezeka, na kila kimoja kilihitaji mkutubi. Je, kila mmoja angojewe miaka 20 ajifunze kwa kukosea? Na wakati anajifunza, gharama ya makosa yake angeibeba nani, kama si mgonjwa?

Jibu lilikuja polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vyuo vichache vya Marekani vilianza kutoa masomo ya ukutubi wa tiba. Noyes alikuwa mzee. Mwaka 1946 madaktari wa Maryland walimfanyia sherehe ya miaka 50 ya kazi, afya yake ikiwa tayari imedhoofika. Novemba mwaka huo alifariki. Ibada ya mazishi ilifanyika katika jengo lile lile alilolifanyia kazi na kuishi ndani yake.

Kazi yapata cheti

Mwaka 1949, miaka mitatu baada ya kifo chake, MLA ilianza kutoa vyeti kwa wakutubi wa tiba waliotimiza masharti ya elimu na uzoefu. Katika miaka ya 1950 chama kikaanzisha kozi fupi kwa wale ambao tayari wako kazini. Mwaka 1965 Marekani ilipitisha sheria iliyotenga fedha za kusaidia maktaba za tiba, pamoja na mafunzo ya wakutubi wake. Mwaka 1989 mfumo wa vyeti ulibadilishwa: mkutubi anayetaka kubaki na hadhi yake hutakiwa kuihuisha kila baada ya miaka mitano, akionyesha alichojifunza na alichokifanya katika kipindi hicho.

Masharti hayo yanafanana na maisha ya Noyes yakiwa yamegeuzwa kanuni. Yeye alijifunza upya kwa sababu tiba haikumngoja. Waliomfuata hujifunza upya kwa sababu hiyo hiyo, na sasa wana pa kujifunzia.

Vyombo navyo vimebadilika. Index Medicus aliyoitumia kupanga rafu iliingizwa kwenye kompyuta katika miaka ya 1960, na toleo lake la karatasi lilisimamishwa mwaka 2004. Tangu 1997 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kupekua orodha hiyo bure kupitia PubMed. Lakini makala zimekuwa mamilioni, na anayejua kutafuta bado anahitajika kuliko zamani.

Afrika Mashariki inaguswa pia. Wakutubi wa tiba barani Afrika wana chama chao, AHILA, tangu mwaka 1984, na mikutano yake huenda pamoja na mafunzo. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kina maktaba ya tiba yenye jina la Albert Cook, daktari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, mwaka mmoja tu baada ya Noyes kuanza kazi Baltimore. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walizindua mpango wa HINARI, ambao huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo, zikiwemo za ukanda huu, kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Wazo lake ni lile lile la masanduku ya Noyes: kilichojaa kwa mmoja kimfikie aliyepungukiwa.

Ila jarida likifika bila mtu wa kulitafuta na kulifikisha kwa daktari kwa wakati, limefika bure. Maktaba ya Maryland ilikuwa na vitabu kwa miaka 66 kabla ya Noyes. Ilichokosa ni mtu wa kuvitunza aliye tayari kujifunza kila siku, na ilipompata, alibaki hapo hadi mwisho wa maisha yake.